Yah: Kukatwakatwa kwa Jiko Langu Vipande Kumi na Viwili

Mkurugenzi,
Maabara ya Baiolojia,
Chamwino, Dodoma.

Ndugu Mkurugenzi,

Kwa cheo chako nakuamkia shikamoo, ingawa kwa umri wewe ndiye ungeniamkia mimi. Ni Devota Matonya, mpishi wenu tangu maabara ikiwa chumba kimoja na friji moja. Nimeoneshwa mchoro wa jengo jipya, ambalo Msanifu Ludovick anataka lifanane na seli hai. Sina ugomvi na seli. Ugomvi wangu ni jiko, maana ukiliondoa lile umeniondoa na mimi.

1. Msanifu anasema ndani ya seli hakuna jiko moja. Kuna mitokondria, yaani majiko madogo ya kuipa nguvu, yametapakaa kila kona. Kwa hiyo langu litakatwa yawe kumi na mawili. Jamani! Nina sufuria moja, mwiko mmoja na kiuno kimoja. Nikisonga ugali jiko la kwanza, mlenda wa jiko la tisa umeshaungua, na mlenda ulioungua hata Mgogo mwenye njaa haugusi.

2. Kuta za majiko hayo zina mikunjo, eti ndivyo Mungu alivyoziumba. Wamejenga la mfano uani. Nikaingia na sinia la maharage, nikanasa. Meshack dereva alinivuta dakika ishirini, mbele ya wageni wa serikali kutoka Mtumba.

3. Geti litakuwa kama ngozi ya seli: vidogo vinapita, vikubwa vinabaki nje. Siku ya majaribio mbuzi wa mzee Elisante walipita wote saba. Gunia la unga halikupita.

4. Hili ndilo linalonitia hofu hasa. Watafiti wenyewe wanasema seli ikishiba vizuri hugawanyika mbili. Sasa anayeishibisha ni nani? Si mimi? Jengo likipasuka, lawama zote kwa Devota! Kwa tahadhari, tangu Jumatatu nimepunguza ugali kwa nusu. Wanaonung'unika wapelekwe kwa Msanifu.

Inaniuma, Mkurugenzi. Ndani ya jiko lile nimezeeka. Naomba nirudishiwe jiko langu la pembe nne, mlango mmoja, moshi utokee juu. Ikishindikana, nitapanda treni nirudi kwetu Gulwe, nanyi mle hiyo mitokondria.

Naishia hapa, maharage yananiita. Nisalimie mkeo na watoto, walinzi wote, na Msanifu pia, maana kumsalimu si kumkubali.

Ni mimi ninayewalisha,

Devota Matonya
Mpishi Mkuu

Nyongeza: Nilipokwenda kuomba bahasha kwa Frida wa masijala, alinisomea kitabuni kwamba mitokondria hurithiwa kutoka kwa mama peke yake, baba hana chake. Kumbe! Mimi nina binti, Jenifa, huu mwaka wa pili anaomba kazi hapo kwenu bila kujibiwa. Basi barua yote hii ifutwe, na mchoro usiguswe hata mstari mmoja. Jenifa, mrithi wa majiko, ataripoti Jumatatu saa moja asubuhi. Usaili hauhitajiki, hii ni sayansi.