Udongo Uliowafukuza Wakwe Zangu

Mwalimu Ekwam (Mstaafu),
Kanamkemer, Lodwar.
17 Septemba 2013

Ndugu Mabil, Mwenyekiti,
Kamati ya Wachuuzi wa Kambini,
Kakuma.

MINTARAFU: MALALAMIKO DHIDI YA DUKA LA NYADUOTH, NA OMBI LA BARUA YENYE MUHURI

Ndugu Mwenyekiti,

Ejok. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa na afya, na uso wako ukiwa na rangi uliyozaliwa nayo. Wangu haukuwa hivyo Jumamosi iliyopita, na ndiyo sababu ya kukuandikia.

Binti yangu Nasike, anayefundisha katika shule moja hapo Kakuma, amechumbiwa na kijana aitwaye Lomunokol. Wazee wa kijana huyo ni wafugaji wa Lokiriama, na walikuja kwangu Lodwar Jumamosi ili tukubaliane juu ya ndoa. Walifika, wakaniona, wakaondoka bila kuketi. Tangu saa hiyo binti yangu hasemi nami, mama yake anasema nami kupita kiasi, na ndoa imesimama. Mwenye kosa ni mkebe wa udongo wa kusafishia uso, ulionunuliwa katika duka lililo chini ya kamati yako. Niruhusu nieleze kwa utaratibu.

1. Nilipimwa hadharani. Mwezi uliopita nilikuja Kakuma kumtembelea Nasike. Alinitazama kwa muda, kisha akasema, "Baba, wakwe wanakuja, na pua yako inang'aa kama sufuria mpya. Na hizo chunusi je? Wewe ni mzee au ni mwanafunzi wangu?" Akanipeleka kwa rafiki yake Nyaduoth, mwenye kibanda cha vipodozi mkabala na hoteli ya Wahabeshi. Nyaduoth hakuniuliza hata jina. Alinibandika karatasi laini puani, akaibandua, akaiinua juani ili soko zima lione. "Baba, angalia! Hii inatosha kukaanga samaki ya Kalokol!" Namnukuu kama alivyosema, sarufi ni yake. Mwaka jana nchi nzima ilitangaziwa kwamba Turkana ina mafuta. Sikutarajia kwamba yangeanza kuchimbwa puani mwangu. Nawe, Ndugu Mwenyekiti, ulikuwa umeketi pale hotelini na kikombe mkononi, ukacheka hadi ukaimwaga kahawa. Sikulalamika wakati ule. Nalalamika sasa.

2. Niliuziwa udongo. Nyaduoth alipanga mikebe mitatu mezani na, nimpe haki yake, alieleza vizuri kuliko wakaguzi wengi wa elimu niliowahi kuwapokea. "Hii nyeupe ni ya pole pole, ya mtu ngozi yake kavu. Hii nyekundu ni ya katikati. Wewe yako ni kijani, Baba. Inavuta mafuta, inafungua matundu yenye imeziba. Lakini mara mbili kwa wiki tu. Na usingoje ikauke mpaka ipasuke. Dakika kumi, unatoa." Nilimwuliza udongo huo umetoka wapi. Akaniambia umetoka ng'ambo.

Ndugu Mwenyekiti, sisi tunakosa vitu vingi huku, lakini udongo haujawahi kupungua. Kila alasiri upepo unatuletea nyumbani bila malipo, unatutia machoni, masikioni na ndani ya chai, na sijaona mtu aliyetakata kwa ajili hiyo. Ikiwa udongo ukitiwa mkebeni huwa bidhaa, basi kila mwanamke anayefukua mchanga wa mto Kawalase kutafuta maji ni mwizi wa ghala, na marehemu baba yangu, aliyevaa kilemba cha udongo chenye unyoya wa mbuni katika uzee wake wote, alikuwa na duka kichwani na hakujua. Tena udongo ni ardhi. Aliyejipaka amekalia ardhi ya watu wengine kwa mashavu yake. Yuko wapi mpimaji? Iko wapi hati? Mpaka kati ya shavu la kulia na la kushoto umewekwa na nani?

Juu ya krimu za rafu ya juu, zinazoahidi kumwondolea mtu rangi aliyopewa na Mungu, sina la kusema leo. Hizo huharibu ngozi tu, hazijanivunjia ndoa.

3. Maagizo hayatekelezeki. Mkebe unasema: osha kwa maji mengi ya uvuguvugu. Uvuguvugu si tatizo Lodwar. Hapa hata maji ya kunywa hayajui baridi. Tatizo ni hayo "mengi". Nilikwisha kuutumia udongo huo mara kadhaa, kwa siri, siku ambazo maji yalikuwepo. Jumamosi asubuhi nikajipaka kwa mara ya mwisho kabla ya wageni, dakika kumi zikatimia, nikaenda bombani. Bomba likakohoa, likatoa pumzi ya moto, likanyamaza. Wakati wa kampeni mwanzoni mwa mwaka huu, bomba hilohilo lilitoa maji wiki nzima, na mgombea mmoja akapigwa picha amelikumbatia. Uchaguzi ulipokwisha, maji nayo yalikwenda kuapishwa mahali pengine, na hayajarudi kutushukuru.

Nyumbani kulikuwa na mtungi mmoja wa plastiki, nao ulikuwa mikononi mwa mke wangu Awoi. Nilimwomba kikombe kimoja tu. Akajibu bila kugeuka, "Mwalimu, haya ni maji ya chai ya wageni. Hawatakuja kunywa uso wako." Nilipokuwa nikitafuta hoja ya kumjibu, udongo ulikauka. Kisha ukapasuka, kama Nyaduoth alivyonionya.

4. Ndoa ilivunjika. Ndipo gari la wakwe likafika langoni. Mbele alishuka Mzee Aukot, ami wa kijana, ameshika kigoda chake, na nyuma yake wazee wenzake. Nikatoka kuwapokea na uso wa kijani. Huenda wewe, Ndugu Mwenyekiti, hujui jambo hili: kwa wazee wale, mtu mzima aliyepakwa udongo usoni yuko mikononi mwa emuron, yaani mganga anayetibu watu na kufukuza mikosi. Amepakwa ili jambo baya liondoke nyumbani kwake. Mtu wa namna hiyo hapewi mkono, wala habari za ndoa hazizungumzwi mbele yake hadi emuron amalize kazi.

Mzee Aukot alisimama palepale langoni. "Ejok, Mwalimu. Pole sana. Ni ugonjwa ama ni kifo?"

Nilitaka kumjibu kwamba ni ngozi ya mafuta. Lakini midomo ilikuwa imekazwa kama dirisha lililopigiliwa misumari, na kilichotoka ni mkoromo. Nikajaribu kutabasamu, kipande cha shavu kikaanguka miguuni pake. Akawageukia wenzake. "Hata kuongea hawezi. Imemshika vibaya. Twendeni, tusimsumbue." Wakaingia garini taratibu, kwa heshima zote, kama watu wanaotoka matangani.

Mwishowe nilinawa kwa chai ya wageni, yenye maziwa na sukari. Nzi wote wa Lodwar wakahudhuria badala ya wakwe.

Nasike alikuwa amesimama mlangoni katika gauni alilolishona kwa ajili ya siku hiyo. Hakulia. Alilivua, akalikunja, akapanda gari la Kakuma jioni ileile bila kuniaga. Mzaha wote uliomo katika barua hii unaishia mlangoni pale. Yule ni kitindamimba wangu, na amempenda kijana yule.

Kwa hiyo naomba kamati yako ichukue hatua. Kwanza, duka la Nyaduoth lifungwe hadi siku bomba la Kanamkemer litakapotoa maji, yaani lifungwe daima. Pili, niandikiwe barua yenye muhuri, isemayo kwamba Ekwam wa Lodwar hana laana, hana maradhi, hana msiba, ana mafuta. Tatu, kwa kuwa wazee wa Lokiriama hawana desturi ya kuamini karatasi, uipeleke mwenyewe, ukiwa umepakwa udongo wa kijani kutoka paji la uso hadi kidevuni. Keti mbele yao mpaka upasuke, kisha uwaeleze kwa ufasaha, bila kukoroma, kwamba hicho ni kipodozi tu. Ukishindwa kutamka, watakuwa wamepata ushahidi kwamba nami nilishindwa kwa sababu hiyohiyo. Ukifaulu, nitakuomba radhi. Waliocheka nawe hotelini wakusindikize, nao wapakwe.

Nisalimie wanakamati wote, wapishi wa hoteli ya Wahabeshi, na kila mtu wa Kakuma aliyejaliwa ngozi kavu. Awoi naye anawasalimu, ingawa mimi bado hanisalimu.

Nakuachia jambo hili nikiwa na uso mkunjufu kadiri ngozi inavyoruhusu,

Mwalimu Ekwam (Mstaafu)

Nyongeza: Kabla sijaifunga bahasha, Mzee Aukot amefika kwa pikipiki kunijulia hali. Amenishika kidevu, akanigeuza uso huku na huku kama mtu anayekagua beberu mnadani, akanipitisha kidole gumba puani, kisha akakitazama kidole. Kilikuwa kikavu. Chunusi hakuziona. "Mwalimu," akasema, "huyu emuron wako ni nani? Mimi sijaona mtu akipona hivi." Nikamjibu kwamba ni mwanamke na anakaa Kakuma, na hakuna neno la uongo hapo. Kumbe Lomunokol mwenyewe ana chunusi tangu alipoota ndevu, na wazee waliona aibu kututajia. Watarudi Jumamosi hii kuzungumza habari za ndoa, kwa sharti kwamba emuron awepo, amtibu kijana kwanza.

Kwa sababu hiyo malalamiko yote niliyoyaandika hapo juu nayaondoa, na duka la Nyaduoth lisifungwe hata kwa chakula cha mchana. Mwambie aje Jumamosi mapema pamoja na Nasike, na Nasike avae gauni lile. Nyaduoth alete mkebe wa kijani kwa kijana, na mweupe kwa Mzee Aukot, maana nimemchunguza, ngozi yake ni kavu. Karatasi ya kubandika puani pia ailete. Wewe usije, utacheka.

Chai tutapika sisi. Maji aje nayo.