Dakika Kumi na Moja za Salamu

Jumatatu, 14 Julai 1975
Nimesoma kijitabu kizuri. Kila kazi ina njia moja iliyo bora, nayo hupatikana kwa saa. Hapa kijijini tunahitaji sana jambo hili. Lori la kupeleka pamba Bunda linakuja Jumamosi. Kamati imeamua: yakifika magunia sitini, nabaki katibu wa kijiji, yakipungua, ukatibu anapewa Silasi, mtunza ghala. Maskini Silasi! Hana hata saa.

Jumanne, 15 Julai
Nimempima Mama Wegesa akichuma, kwa ile saa niliyopimia mbio nilipokuwa mwalimu. Ndani ya saa moja amesalimiana na watu tisa. Habari za nyumbani, za mifugo, za mkwe aliyeko Musoma. Dakika kumi na moja! Nimewaeleza wachumaji taratibu, kwa hesabu: tuko arobaini, basi katika kila saa tunapoteza saa saba na dakika ishirini. Kuanzia kesho hakuna maneno shambani. Anayetaka kusalimu ainue mkono. Silasi akauliza kama kupiga chafya kutahitaji kibali. Nikamjibu kwamba hilo bado nalichunguza.

Jumatano, 16 Julai
Kimya kitamu. Jana magunia tisa, leo kumi na mawili! Silasi kanuna. Nimekula ugali na sato kwa amani.

Alhamisi, 17 Julai
Asubuhi Mama Wegesa, akiwa upande wa ghala, aliniinulia mkono. Nikamwinulia wangu. Akainua yote miwili, akairusharusha. Nidhamu ya kuvutia. Nimeandika jina lake, apewe zawadi.
Saa sita mchana. Ng'ombe wa mzee Mayala wameingia kwenye pamba iliyoanikwa nje ya ghala. Wamekula, wamekanyaga, wengine wamelala juu yake. Magunia kumi na tisa! Nikamuuliza Mama Wegesa kwa nini hakusema.
"Niliinua mkono, Mwalimu. Nikainua na wa pili. Zamani tulikuwaga tunaongea."

Jumamosi, 19 Julai
Lori limeondoka na magunia arobaini na moja. Silasi ndiye katibu. Mimi nimepewa kazi ya kuwazuia ng'ombe wasisogelee ghala. Sina kinyongo, upepo ni mzuri na kiti ninacho. Tena nimeshaanza vipimo. Ng'ombe akicheua, tonge moja hulitafuna mara hamsini na mbili. Thelathini zingetosha kabisa. Jumatatu naanza na yule mweusi.