Spika Ni Mwanangu, na Masikio Yake Hayana Tatizo

Bi Ferdinanda Polydore,
Nyumba ya bluu juu ya mto Kannel,
Fon Kako.
Jumatatu baada ya Pentekoste

Ndugu Mhariri wa Taa ya Jumamosi,

Nakuandikia nikiwa nimeshakula na nimekaa kitako, ili baadaye usiwaambie wasomaji wako kwamba yule mama aliandika kwa njaa au kwa hasira. Sijasoma sana. Niliishia darasa la sita kwa masista, nikatolewa kwenda kufungasha ndizi za kupelekwa Uingereza. Lakini mwandiko wangu Sista Ignasia aliusifu mbele ya darasa zima, na kama unabisha, utazame hapa.

Mimi ndiye mama mzazi wa Mheshimiwa Cuthbert Polydore, Spika wa Bunge letu. Nimezaa watoto watano na wote wako hai: muuguzi, fundi umeme, wawili wako Kanada, na Spika. Sisemi ninampenda nani zaidi. Nasema tu kwamba picha ya yule mwenye joho ndiyo iliyo ukutani karibu na ile ya Moyo Mtakatifu, na ni kubwa kidogo kuliko ya Moyo Mtakatifu.

Gazeti lako la Jumamosi iliyopita limenikosesha raha. Nimeyapanga malalamiko yangu kwa namba, kama inavyofanyika bungeni.

1. Masikio. Katuni yenu ya ukurasa wa nne inamwonyesha mwanangu akimchomeka mbunge wetu, Mheshimiwa Verlina Toulon, kizibo mdomoni, na masikio mmemchora kama majani ya majimbi. Masikio ya Cuthbert ni ya kawaida. Ameyatoa upande wa baba yake, na hata upande ule hayakuwahi kuzidi kiasi. Kuhusu kizibo sina neno kwa sasa.

2. Mmeandika kwamba Spika "amelikataa swali la daraja mara saba", kana kwamba ana ugomvi na madaraja. Mimi nilikuwa karibu na redio mara zote saba, nikikuna nazi au nikichambua maharage, na ninashuhudia kwamba kila mara alifuata Kanuni za Bunge neno kwa neno. Wasomaji wako wa mjini labda wamesahau, basi niwakumbushe: kimbunga cha Septemba ya mwaka juzi kilibeba daraja la Kannel, na hatuna njia nyingine ya gari kuingia wala kutoka Fon Kako. Tangu siku ile tunavuka kwa kukanyaga mawe na kushika kamba. Barua na dawa huvuka ndani ya kopo la maziwa linalovutwa kwa kamba ya pili. Mheshimiwa Toulon anataka kujua daraja litajengwa lini. Ni haki yake, lakini kuuliza kuna utaratibu wake.

Swali la kwanza lilianza hivi: "Je, Waziri wa Ujenzi, ambaye amelala fofofo tangu siku ya kimbunga..." Kanuni zinakataza matusi na kejeli ndani ya swali. Aliyeliandika alikuwa na hasira, hilo liko wazi. Likatupwa. La pili halikuwa na tusi, ila lilikuwa na maneno mia moja na kumi na moja, na katikati yake mlikuwa na habari ya mbuzi wa Ma Titine aliyechukuliwa na maji. Swali si hadithi. Likatupwa. La tatu lilikuwa fupi na safi, lakini Waziri wa Ujenzi alisimama akasema mto ni mali ya Wizara ya Kilimo. Waziri wa Kilimo naye akasimama akasema maji kweli ni yake, ila hewa iliyo juu ya maji, pale daraja linapopita, ni ya Ujenzi. Spika angefanya nini, alikate swali vipande viwili? La nne lilikuwa lilelile la tatu, na swali moja haliulizwi mara mbili ndani ya miezi sita. La tano liliisubiri hiyo miezi sita, likaja kuuliza hali ya daraja la Kannel. Waziri akaomba mwongozo: daraja hilo halipo, na Kanuni haziruhusu kuuliza mambo ya kudhania. Hapo hata mimi niliweka nazi chini. Mwanangu akasema Waziri ana hoja.

La sita, Mhariri, lilikuwa zuri kuliko yote. "Je, ni lini wakazi wa Fon Kako watavuka mto Kannel kwa gari?" Maneno kumi na mawili, na huwezi kutoa hata moja. Likakubaliwa, ingawa ninyi mmelihesabu kati ya yaliyokataliwa, likapewa namba tisa kwenye orodha. Nikafurahi kama vile nimepata mjukuu. Lakini muda wa maswali ni saa moja tu, na aliyekuwa namba nane alimuuliza Waziri wa Utalii habari za maua ya uwanja wa ndege. Waziri akayataja yote kwa majina. Kengele ilipolia alikuwa ndiyo kwanza anafika kwenye yale ya vyungu. Swali la sita likajibiwa kwa maandishi, na jibu lilikuwa: "Jambo hilo linafanyiwa kazi." La saba likakataliwa kwa sababu la sita limeshajibiwa, na kwa sababu mkandarasi wa daraja amekimbilia mahakamani, na jambo lililo mahakamani haliguswi bungeni.

Sasa nionyeshe alipokosea. Nionyeshe mstari.

3. Mwandishi wenu anadai kwamba Spika "amekariri kitabu kilichoachwa na Waingereza". Hapa mmenivunjia heshima mimi binafsi. Cuthbert alizijua Kanuni kabla hajajua kufunga kamba za viatu, na alizijua kwenye meza yangu ya kulia. Watoto watano, sufuria moja, mama mmoja: ungefanyaje? Mwiko ukiwa juu ya meza, kikao kimeanza. Nikiurudisha jikoni, kikao kimeahirishwa. Hakuna aliyesema kabla sijamwona kwa jicho langu. Hakuna aliyeuliza kitu ambacho hakiko mezani, hasa nyama. Swali la pili lazima lizaliwe na jibu la kwanza. Na swali lililokwisha kukataliwa au kujibiwa halirudi tena.

Alipokuwa na miaka tisa aliniuliza baba yake atarudi lini kutoka Florida, alikokwenda kukata miwa. Nikamwambia swali hilo dada yako aliliuliza muhula uliopita, likajibiwa. Hajauliza tena hadi leo, na leo ana miaka hamsini na mbili. Mtoto wa miaka tisa, Mhariri, na tayari anaheshimu uamuzi wa Kiti. Niliwaambia majirani siku ileile kwamba huyu atafika mbali.

4. Kwa sababu ya gazeti lako sipiti tena kijijini kwa amani. Alhamisi nilikwenda dukani kwa Gregwa kuchukua shelisheli. Akalishika juu mbele ya watu. "Kuhusu utaratibu, Ma Nanda. Hili shelisheli nikuuzie mimi, au tusubiri Wizara ya Kilimo?"

"Gregwa, nipe shelisheli langu."

"Swali la mama limepokelewa. Linafanyiwa kazi."

Watu wakacheka mpaka mmoja akashika ukuta. Na Ma Titine, jirani yangu kwa miaka arobaini, yule mwenye mbuzi, akadakia: "Mwacheni jamani, Ma Nanda analindwa na Kiti. Tatizo Kiti chenyewe hakivuki maji."

"Titine," nikamwambia, "ukitaka kunitukana toa taarifa ya siku kumi kwa maandishi."

"Ningeitoa shoga yangu, ila mbuzi ndiye aliyekuwa karani wangu."

Sikucheka. Nilicheka nilipofika nyumbani, lakini hilo halihusiani.

5. Hili ndilo kubwa. Mmeandika kwamba Spika "hajakanyaga kijiji alichozaliwa tangu kimbunga". Mmeliandika kama vile ni aibu. Gari la Spika ni refu, lina bendera, haliwezi kukanyaga mawe. Na yeye mwenyewe ana joho, ana viatu vya ngozi, ana magoti ya upande wangu, ambayo ni mabovu. Mnataka Spika wa nchi aning'inie kwenye kamba kama nguo iliyofuliwa?

Ananipigia simu kila Jumapili saa saba kamili, wakati ninapakua. Napika kama zamani: kuku wa mchuzi, maharage mekundu, makaroni ya kuoka, ndizi. Naweka sahani mbili. Ya kwake naifunika kwa nyingine, na ikifika saa kumi naahirisha shughuli, nampa mbwa. Mwezi wa pili, nilipokuwa natoka misa ya upande wa pili, nilikaa kidogo ndani ya mto. Cuthbert akasikia, sijui kwa nani, akaniuliza kwenye simu, "Mama, mguu unaendeleaje?" Nikamjibu, "Mguu unafanyiwa kazi." Alikuwa na swali la nyongeza, nililisikia kabisa likipumua kule, lakini nilikuwa nimejibu, na yeye ni mtu wa utaratibu. Akasema, "Haya, Mama. Asante kwa jibu." Nani mwingine katika kisiwa hiki amemlea mtoto wa namna hiyo?

Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, nina maombi machache.

Kwanza, masikio yachorwe upya, kwa kipimo. Nitaleta picha ya kipaimara.

Pili, Kanuni zisiishie bungeni. Anayetaka kuuliza kitu dukani, zahanatini au kanisani, aandike kwanza, asubiri siku kumi, na asirudie ndani ya miezi sita. Padri akiulizwa mambo ya mbinguni aseme ni mambo ya kudhania. Utaona nchi itakavyotulia.

Tatu, kwa kuwa ugomvi wote bungeni unaletwa na maswali, maswali yaondolewe kabisa yabaki majibu. Mawaziri wamezoea kujibu kitu ambacho hakikuulizwa, hawatapata shida.

Nne, na majibu nayo yakionekana kuleta maneno, yaondolewe. Abaki Spika peke yake, na ile siwa ya dhahabu mezani mbele yake. Na kama siwa inahitaji kupumzishwa, mwiko wangu upo, ni wa mpera, haujawahi kupasuka, na mimi niko tayari kukaa nyuma ya kiti chake bila posho. Nitaleta chakula. Akila mezani pangu tu, hata kama meza hiyo iko bungeni, mimi nimeridhika, na nchi itakuwa imepata Bunge ambalo halijakosea hata siku moja.

Natumaini utaitoa barua hii nzima bila kukata, na uiweke mbali na matangazo ya mazishi. Wasalimie wenzako ofisini, hata yule mchora katuni, ambaye namwombea mkono wake upone. Msalimie mkeo, na kama huna mke, basi mama yako. Wote wa Fon Kako wanakusalimu, isipokuwa Gregwa, ambaye anasema salamu zake ziko mahakamani.

Wako katika utaratibu,
Ferdinanda Polydore (Bi)
Mama wa Spika

Nyongeza. Nimeisoma tena barua yangu kabla ya kuitia kwenye kopo, nikaona kuna mambo mawili sikuyaweka wazi.

La kwanza ni kwamba yale maswali saba niliyaandika mimi. Mheshimiwa Toulon huja kusimama upande wa pili wa mto, nami huyavusha kwenye hilihili kopo, na yeye huyapiga chapa. Ndiyo maana Cuthbert hajawahi kuuona mwandiko wangu. Sasa atajua, maana gazeti lako hulisoma, huanzia kwenye katuni.

La pili ni mguu. Sikukaa mtoni kwa kupenda, kamba iliniponyoka. Ni miezi minne sasa, na navaa kiatu kimoja. Daktari alikuja mpaka ukingoni, akapiga kelele kutoka ng'ambo kwamba anahitaji kuuona kwa karibu. Nikampigia kelele na mimi kwamba unafanyiwa kazi.

Nilimfundisha mwanangu mwenyewe kwamba swali lililokataliwa halirudi. Naifuta kauli hiyo, na ile ya muhula uliopita kuhusu baba yake pia.

Gazeti halina Spika, kwa hiyo tafadhali chapisha swali la nane. Ni maneno matano, halina tusi, halina mbuzi:

Daraja la Kannel litajengwa lini?

Na swali la nyongeza kwa Spika, ambalo linazaliwa na jibu lolote litakalotolewa, kwa hiyo hawezi kulikataa: Jumapili hiyo niweke sahani ngapi?