Jua Lililopitishwa na Kamati

Wakazi wote wa Eldoret na viunga vyake mnajulishwa kwamba mwaka wa 1984 chuo chetu kilipiga hatua kubwa ya kisayansi: hali ya hewa ilianza kupitishwa na kamati. Mwenyekiti nilikuwa mimi, Mkuu wa Idara ya Angahewa.

Mambo yalikwenda vizuri mpaka mtihani wa mwisho wa vitendo. Wanafunzi walitakiwa kutabiri hali ya hewa ya Ijumaa, siku ambayo Mheshimiwa Waziri Mdogo angekuja kufungua kituo chetu kipya cha vipimo. Kumi na tisa waliandika "jua la kutosha", kama nilivyowaelekeza. Wa ishirini, Virginia Nyakio, binti wa mkulima wa viazi kutoka Timboroa, akaandika: "Mvua ya mawe, saa tisa alasiri."

Nikamwita ofisini. Katibu wa kamati, Bwana Khisa, akafungua faili.

"Binti, unataka kumpiga Mheshimiwa mawe?"

"Si mimi, mwalimu. Puto la vipimo lililorushwa asubuhi limeonyesha huko juu ni baridi kali, na huku chini kuna joto na unyevu."

"Kamati imeshapitisha jua."

"Lakini mwalimu, mawingu hayasomi memo."

Khisa akayaandika hayo chini ya kichwa "Uchochezi". Nikampa msichana kalamu: afute mawe aandike jua, la sivyo diploma ataisikia tu kwa wenzake. Kwao ndiye wa kwanza kufika chuo. Akairudisha kalamu mezani polepole.

"Nikiandika jua, nitakuwa nimesoma nini miaka miwili?"

Swali hilo halikuwa kwenye ajenda. Tukamfelisha.

Ijumaa, kuonyesha imani yetu katika utabiri, niliagiza hema liondolewe. Saa tisa na dakika nne, Mheshimiwa akiwa katikati ya hotuba, punje ya barafu kubwa kama yai la njiwa ilimgonga kipara. Zikafuata nyingine.

"Nini hii?" akauliza kutoka chini ya meza.

"Si kitu, Mheshimiwa," nikamjibu kutoka chini ya meza hiyo hiyo. "Bado haijaidhinishwa."

"Nani alisema kutakuwa na jua?"

Khisa, ambaye huchukua wiki mbili kutafuta faili, aliitoa papo hapo. Sahihi yangu ilikuwa ya kwanza.

"Na hakuna hata mmoja aliyejua?"

"Kulikuwa na msichana mmoja," Khisa akasema, "lakini alifeli."

Uamuzi wa Mheshimiwa ulikuwa mfupi. Nyakio akapewa diploma yake, na kazi ya kufundisha mwaka wa kwanza. Mimi nikapelekwa darasani kwake, kujikumbusha.

Jumatatu nilikaa dawati la mbele. Akaonyesha dirishani.

"Mzee, wingu lile linaitwaje?"

"Linaitwa na ofisi gani, madam?"

Darasa likaangua kicheko. Yeye hakucheka.

"Toka nje kwanza, uliangalie."

Nikatoka. Katika miaka kumi na miwili ya kuongoza Idara ya Angahewa, ilikuwa mara yangu ya kwanza kutazama juu.