Kufuli Lenye Picha Yangu

Jumatatu, 3 Novemba
Gabès. Mtihani wa usimamizi wa zamu Jumatatu ijayo! Nafasi moja, watahiniwa wawili: mimi, fundi mwenye miaka kumi na tisa ya kazi katika kiwanda hiki cha mbolea, na Nejla, aliyekuja juzi tu. Tutapimwa kwa miwani ya uhalisia pepe: unaivaa, unaziona pampu zote za asidi, unazitengeneza bila kuchafuka. Nikishindwa, nitamwita yule binti "bosi" mpaka nistaafu. Afadhali nife.

Jumanne, 4 Novemba
Nimegundua siri! Sheria ya hapa: kabla ya kugusa pampu, fundi aifunge swichi kwa kufuli lake, lenye jina na picha yake, asije mtu akaiwasha mkono wako ungali ndani. Kwenye miwani unaitazama tu swichi, unatikisa kichwa kukubali, kufuli linajifunga. Nimetikisa siku nzima. Alama 97 za mazoezi! Nejla 81, maana anakagua kila kitu mara mbili. Kufuli langu la kweli liko kwenye kabati langu la chakula. Harissa yangu, pilipili yangu ya kusaga, haiibiwi tena.

Alhamisi, 6 Novemba
Pampu namba nne iliziba, ya kweli. Nikataka kumwonyesha Nejla kasi yangu. Nikaitazama swichi. Nikatikisa kichwa. Nikaingiza mkono hadi kiwikoni. Mara, kule juu, mtu akabonyeza kitufe cha kuwasha: tak! Nikafumba macho. Nikamkumbuka marehemu mama. Tak! tena. Pampu haikuwaka. Nikageuka: swichini linaning'inia kufuli la Nejla, picha yake imenikodolea macho. Akaniuliza mbele ya watu, "Ami Tijani, ulikuwa unamsalimia nani pale ukutani?" Wakacheka. Mimi nilitaka kulia.

Ijumaa, 7 Novemba
Mhandisi mkuu, Bwana Laroussi, kafoka: nisipotembea na kufuli langu, nitatembea kwenda nyumbani. Nimeapa. Nejla nimemshukuru; mkono huu ni wake. Lakini nafasi ni yangu.

Jumamosi, 8 Novemba
Nimetii. Kufuli halikubanduka kiunoni mpaka saa sita, nilipomwona Nejla akielekea kabati la miwani kufanya mazoezi. Amefika 96! Nikamtangulia kwa mlango wa nyuma. Kabati nikalifunga kwa kufuli, tak! Sasa afanye mazoezi na nini? Amekwenda kumwita Bwana Laroussi. Waje tu! Hakuna aliyeniona. Watajuaje ni mimi?