Magoti Yangu na Sakafu ya Binti

Jumatatu, 3 Machi
Daktari kanionyesha picha ya goti la kushoto. Miaka kumi na moja iliyopita alinisihi nianze na mazoezi, nisikimbilie kisu. Kimto cha gegedu kati ya mifupa kimechanika, alisema, lakini tukikikata, baadaye mfupa utasugua mfupa. Nikamwambia akate, vigae vya hoteli nzima vinaningoja. Akakata. Sasa anasema gegedu limelika na nisipige magoti tena. Fundi vigae asipige magoti! Na kimto cha goti la kulia nacho kimechanika. Mazoezi miezi mitatu, kisu hapana. Kanipa karatasi ya kuweka alama kila siku.

Jumatano, 5 Machi
Binti yangu anamalizia nyumba. Mama yake alipokuwa mahututi nilimwahidi kwamba sakafu ya mtoto nitaipiga mimi, kwa mikono yangu. Alitabasamu. Siku nne baadaye tukamzika. Leo binti anasema mjomba wake atanisaidia. Yaani shemeji yangu, fundi mwenzangu, tunayemwita Milimita kwa kuwa hajawahi kuitazama kazi yangu bila kusema imepotea milimita. Thubutu!

Nimepata akili. Ubao na magurudumu manne ya kiti cha ofisi. Nitalala kifudifudi na kubandika huku nikiteleza. Magoti hayatajua kitu.

Alhamisi, 6 Machi
Magoti hayakujua. Kidevu kimejua! Sebuleni kwa binti nilijisukuma kuifuata ndoo, ubao ukaondoka nami, ukapita juu ya vigae kumi na tisa vibichi. Gundi hadi masikioni. Kuinuka sikuweza. Nililala pale saa nzima. Binti alipoingia nikamwambia nakagua mistari. Hakucheka. Alinifuta uso kwa kitambaa, taratibu, huku machozi yakimtoka. Sijawahi kuona aibu kama ile.

Jumamosi, 8 Machi
Milimita kaja. Kang'oa vyote, kabandika upya. Nilikaa kwenye kiti mlangoni, nimeshaandaa majibu ya kejeli zake. Hakutoa hata moja. Kaniambia tu pole shemeji, dada angeelewa. Nikajifungia chooni nikalia. Namkumbuka sana mke wangu. Na sebule imenyooka, mshenzi yule.

Jumatatu, 10 Machi
Nimepata hospitali nyingine! Daktari wa huko kauliza kama nimejaribu mazoezi. Nikamtolea karatasi, ambayo haina tarehe: alama za miezi mitatu, zote nilizijaza jana kwa kalamu moja nikinywa chai. Kasifu bidii yangu. Goti la kushoto sikulitaja, hakuliuliza. Kimto cha la kulia atakikata Alhamisi.

Jikoni bado hapajapigwa. Nimempiga marufuku Milimita asiguse. Nimeandika kwa chaki kubwa: HAPA NI PA BABA. Mafundi tunaandika sakafuni, kila mtu anajua. Nimeandika ukutani. Sakafu sikuifikia.