Ngao Kuu na Nywila ya Renata

Jumatatu, 4 Novemba
Theluji imeanza kuanguka hapa mjini Bismarck. Renata kaitwa tena, mimi nimekaa hapa kama stuli! Kompyuta yoyote ya kampuni yetu ya mbegu ikitaka kuwekewa kitu kipya, kioo kinafifia, kidirisha kinajitokeza kudai nywila. Mwenye nywila ni Renata. Basi anapita meza kwa meza, anaiandika, anashukuriwa kama mkunga. Leo Verna wa uhasibu kamkatia keki ya maboga. Mimi, ninayefanya naye kazi chumba kimoja miaka yote hii, sikuonjeshwa hata kombo. Roho inaniuma, sifichi. Ijumaa bosi wetu, Bi Tollefson, anamtaja mkuu wa kompyuta. Lazima niwe mimi.

Jumanne, 5 Novemba
Nimepata! Kuna programu ya usalama, Ngao Kuu. Tangazo linasema inalinda kila kitu. Sasa vidirisha vya kompyuta yenyewe ni vya nini? Nikivizima, nywila haihitajiki. Nywila isipohitajika, Renata naye hahitajiki. Bi Tollefson nilimwambia ni kupunguza usumbufu tu. Akakubali, akaamuru nipewe mamlaka juu ya kompyuta zote. Renata akapinga: eti Ngao inawatambua wezi wanaojulikana, haijui nani karuhusiwa kufanya nini. Nikamwambia wivu ni mbaya, nikaweka Ngao, nikavizima vidirisha vyote.

Jumatano, 6 Novemba
Siku tamu! Hakuna aliyemwita Renata. Kashinda akifuta vumbi kibodi yake. Verna kaniletea biskuti. Ndogo kuliko alizokuwa akimpa Renata, nimezipima kwa jicho, lakini tutafika.

Alhamisi, 7 Novemba
Balaa. Verna alitafuta mapishi ya bata mzinga, ukurasa ukamshushia kidudu kipya. Ngao haikukijua. Ikamuuliza kama, tafadhali, programu hii ngeni iingie, ndiyo au hapana. Akabonyeza ndiyo. Mara orodha yote ya wakulima wanaonunua mbegu zetu za alizeti ikafungwa, haifunguki! Nikamuuliza alikuwa na akili gani.

"Iliomba kwa adabu, Orville. Ningeikataliaje?"

Nikazunguka ofisi nzima. Wote wamekuwa wakibonyeza ndiyo! Watu wa huku hata mchuuzi wa mifagio hawamfungii mlango, wanamkaribisha kahawa. Kile kidirisha cha zamani hakikutegemea ukali wao. Kilitaka nywila, nao hawakuwa nayo.

Renata alikuwa ameweka nakala ya orodha pembeni. Kairudisha kabla ya chakula cha mchana. Wamempigia makofi. Nilimchukia mpaka nikakosa hamu ya kula.

Ijumaa, 8 Novemba
Mkuu ni Renata. Katangazwa mbele ya masinia ya tambi za kuoka, kila mtu kaleta lake. Langu halikuguswa.

Kawasha vidirisha vyote. Kisha kaninyang'anya mamlaka: kompyuta yangu sasa ni sawa na ya Verna. Akaniinamia, sauti ya upole kabisa.

"Ukikwama niite tu, Orville. Usione haya."

Nimwite yeye? Thubutu!

Wengine wakiwa bado wanakula, nimegundua kosa lilikuwa wapi. Ngao ilikuwa moja! Juu yake inatakiwa ya pili, Ngao Dhahabu, imlinde Verna na adabu zake. Wiki moja tu na cheo ni changu. Nikabonyeza kuiweka. Kioo kikafifia. Kinataka nywila.

Nimemwita Renata. Nimemwambia ni programu ya mapishi.